Fila Juu ya Kutu

Andiko la kusoma: Walawi 14:33–48



Jumatano moja jioni, katika ibada ya vijana hapa Migori, kijana anayeuza simu zilizotumika karibu na steji aliinua mkono. "Pasta," akasema, "nina simu ambayo betri yake inakufa haraka. Mteja anakuja, anaishika, anaiangalia, anaipenda. Haniulizi habari ya betri, na mimi simwambii. Hapo nimetenda dhambi?"

Vijana wakacheka kidogo, halafu wakanyamaza. Niliona kila mmoja anataka kusikia jibu, maana wengi wao wanauza kitu: simu, viatu, mahindi, boda iliyopakwa rangi upya.

Nilimjibu haraka. Nikasema ndiyo, ni dhambi, Mungu wetu ni Mungu wa kweli. Nikataja maandiko mawili, tukaomba, tukaachana. Nikapanda pikipiki kwenda nyumbani. Tulipopita gereji ya fundi mmoja wa bodi, nikaiona gari ya marehemu baba yangu imesimama chini ya taa. Upande wake wa kushoto ulikuwa umepakwa fila, umesuguliwa kwa msasa, laini kabisa, unangoja rangi. Chini ya ile fila kulikuwa na matundu ya kutu. Aliyeagiza fila ni mimi. Na mnunuzi hakuwa ameniuliza chochote kuhusu kutu.

Usiku ule sikulala vizuri. Haya ninayoandika leo ni jibu langu la pili kwa yule kijana. Jibu la kwanza lilikuwa sahihi, lakini nililitoa bila kulilipia chochote.

Gari yenyewe

Ni Peugeot 504, ile ndefu yenye viti vya safu tatu. Waumini wenye miaka arobaini na zaidi hawahitaji maelezo. Hizi ndizo Pijo zilizokuwa zikibeba abiria kutoka Kisumu kwenda Nairobi kabla ya matatu za siku hizi kujaa barabarani. Modeli hiyo ilizinduliwa Ufaransa mwaka 1968, na mwaka 1969 ikachaguliwa kuwa Gari la Mwaka barani Ulaya. Lakini sisi Wakenya hatukuipenda kwa sababu ya Ulaya. Tuliipenda kwa sababu ya Safari Rally. Ove Andersson alishinda mwaka 1975 akiendesha 504, na mwaka 1978 Jean-Pierre Nicolas akashinda kwa 504 ya milango miwili yenye injini ya V6. Gari iliyoweza kupita matope na vumbi la Safari, mzee wa kijijini aliiamini.

Baba yangu aliinunua ikiwa imeshatumika. Alikuwa mfanyabiashara wa samaki Homa Bay. Alitoa viti vya nyuma, akatandika nailoni, akapakia mbuta na barafu, akapita Rodi Kopany, akatokea Rongo, akateremka Awendo mpaka Migori. Akifika, barafu nusu imeshayeyuka, na maji yake yameteremka chini ya zulia. Miaka na miaka. Samaki hao ndio walionisomesha mpaka nikapata digrii ya biashara. Kwa hiyo nikisema gari ilioza, mjue ilioza ikinilipia karo.

Baba alilala mwaka 2019. Gari ikabaki chini ya mwembe pale nyumbani. Mwaka huu tukakubaliana kama familia tuiuze ili tumalizie karo ya dada yetu wa mwisho anayesomea uuguzi. Akapatikana mnunuzi, mwalimu mstaafu kutoka Kisumu, mpenzi wa magari ya zamani. Aliona picha, akasikiliza injini kwa simu, akasema, "Nitaleta shilingi 380,000 mwisho wa mwezi. Nataka niwe nikiwapeleka wajukuu kanisani nayo." Nikaisukuma mpaka Migori kwa fundi ili ioshwe sura kidogo.

Bei mbili

Fundi huyu ni mzee wa miaka sitini na kitu. Mimi namwita Jaduong', yeye ananiita Pasta. Hakuanza na rangi. Alichukua bisibisi, akapiga magoti, akaanza kugongagonga lile boksi la chuma linalopita chini ya milango. Chuma kizima kilitoa sauti. Alipofika karibu na gurudumu la nyuma, sauti ikafa. Akasukuma bisibisi kidogo tu, ikaingia hadi mpini.

"Pasta," akasema, "hii haikuanza nje."

Nilifikiri kutu huanzia pale unapoona rangi imevimba. Akanieleza kwamba ule uvimbe ndio habari ya mwisho, si ya kwanza. Lile boksi ni tupu ndani. Chini yake watengenezaji waliacha vitundu vidogo vya kutolea maji. Matope ya barabara yakaziba vile vitundu. Maji ya mvua na ya barafu yakaingia kutoka juu, yakakosa njia ya kutoka, yakakaa gizani pamoja na hewa, na chuma kikaanza kuliwa kutoka ndani. Nje gari inang'aa, watu wanaisifu. Siku rangi inapotoa kipele kidogo, ndani kumebaki ganda.

Tena akaniambia jambo ambalo sikulijua. Gari ya namna hii haina chesisi ya kando kama lori. Bodi yenyewe ndiyo mifupa. Lile boksi chini ya milango ndilo linalozuia gari isipinde katikati, na ndiyo sehemu ya kuwekea jeki. Likiwa limeoza, jeki inazama ndani yake. Na gari ikigongwa ubavuni, hakuna cha kumkinga aliyeketi pale.

Akanipa bei mbili. Kujaza fila na kupaka rangi pande zote mbili: shilingi 18,000, siku nne. Kukata chuma kilichooza, kuchomelea kipya, halafu kupaka rangi: shilingi 65,000, wiki tatu.

Nikafanya hesabu nilivyofundishwa darasani. Mnunuzi ameshakubali 380,000. Nikitumia 18,000 nitapata 380,000. Nikitumia 65,000 nitapata hizo hizo 380,000. Gharama isiyoongeza bei ni hasara, na tofauti ya 47,000 kwa familia yetu ni pesa nyingi. Nikamwambia, "Jaduong', tia fila."

Akaniuliza, "Mwenye kununua anajua?"

Nikasema, "Hajauliza."

Hakunihubiria. Aliitikia kwa kichwa, akaenda kuchanganya fila.

Je, kunyamaza ni kudanganya?

Sasa tusimcheke yule kijana wa simu, wala tusinihurumie mimi. Tuchukue swali kwa uzito wake. Anayenyamaza ana hoja, na si ya kijinga.

Swali hili ni la zamani. Mwaka 44 kabla ya Kristo, Mrumi aliyeitwa Cicero aliandika kitabu kuhusu wajibu, na humo anaeleza mabishano ya wanafalsafa wawili, Diogenes wa Babeli na mwanafunzi wake Antipater. Mfano wao ni mtu anayeuza nyumba mbovu: mbao zimeoza, wadudu wamejaa vyumbani, na hakuna anayejua ila mwenye nyumba. Je, lazima aseme? Diogenes alijibu kwamba muuzaji hakumlazimisha mtu. Mnunuzi ana macho na akili zake, ajiangalilie. Mradi hujasema uongo na hujavunja sheria, umemaliza. Antipater akakataa. Kwake, kumwacha mtu anunue kwa makosa na wewe unamwona ni kama kumwona mgeni amepotea njia ukakataa kumwonyesha. Na afadhali hata huyo, maana wewe unafaidika na kupotea kwake.

Sheria nyingi za biashara zimesimama karibu na Diogenes. Hata Sheria yetu ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, inamlinda zaidi anayenunua kwa mfanyabiashara wa bidhaa hizo kuliko anayenunua kwa mtu binafsi kama mimi. Mtu binafsi kwa sehemu kubwa anaambiwa: angalia kabla hujalipa.

Darasani tulifundishwa pia habari ya George Akerlof, Mmarekani aliyeandika mwaka 1970 kuhusu soko la magari yaliyotumika. Kule Marekani gari bovu huitwa limau. Akerlof alionyesha kwamba pale muuzaji anapojua ubovu na mnunuzi hajui, mnunuzi mwenye akili anaogopa, anatoa bei ya katikati. Mwenye gari nzuri anaona bei hiyo ni ndogo, anaondoka na gari yake. Wanaobaki sokoni ni wenye malimau. Kwa kazi hiyo alishiriki Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2001. Ndiyo maana hapa kwetu hakuna anayenunua gari bila kwenda na fundi wake, na hata huyo fundi anaogopa amepewa kitu kidogo. Sote tunalipia uongo wa wachache.

Lakini hoja ya Akerlof, pamoja na uzuri wake, haikuniweka huru usiku ule. Inanionyesha hasara ya soko. Haionyeshi kwa nini nimemkosea yule mwalimu mmoja. Fila yangu peke yake haitaangusha soko la Kenya. Kama kosa langu ni takwimu tu, basi ni dogo sana, nilale.

Jibu nililipata kwa kuikumbuka ile fila yenyewe. Nilikuwa nimejiambia kwamba nimenyamaza. Wapendwa, sikuwa nimenyamaza. Kama ningeiacha gari na kutu yake, matundu yaonekane, nisiseme neno, hapo tungeweza kubishana habari ya kunyamaza. Mwalimu angeona mwenyewe. Lakini mimi nililipa mtu atengeneze uso laini mahali pasipo na chuma. Ule ulaini unasema. Unamwambia anayepitisha kiganja, "Hapa pana chuma." Sikutumia mdomo, nilitumia msasa. Uongo hauhitaji ulimi.

Kwa hiyo yule kijana na mimi hatukuwa na swali moja kabisa. Yake ni ngumu kuliko yangu. Yeye hajapaka kitu. Betri ni mbovu na simu imekaa pale. Hata hivyo Cicero ana kipimo kinachotukamata wote wawili. Anasema, kwa maneno yangu, kwamba si kila kunyamaza ni kuficha. Kuficha ni pale unapotaka, kwa faida yako, kwamba mwenzako asijue jambo ambalo lingemfaa kulijua. Huhitaji kumweleza mnunuzi historia yote ya simu. Jiulize tu: moyoni mwangu, ninatumaini asiulize? Akielekea kuiweka kwenye chaji, nashtuka? Ukiona unaomba asiangalie upande fulani, upande huo ndio unaopaswa kumwonyesha. Nabii Ezekieli, sura ya 13 mstari wa 10 hadi 15, anawasema wanaopaka chokaa ukuta dhaifu ili uonekane imara. Mvua inakuja, ukuta unaanguka. Na mara nyingi anayeangukiwa si aliyepaka.

Upendo unafunika?

Nilipomweleza mzee mmoja wa kanisa mawazo haya, akanipinga kwa Biblia, na alifanya vizuri. Akasema, "Pasta, Petro katika waraka wa kwanza, sura ya 4 mstari wa 8, anafundisha kwamba upendo unasitiri dhambi. Shemu na Yafethi walimfunika baba yao Nuhu wakienda kinyumenyume. Wewe unataka tufunue kila kitu? Kanisa litabaki na nani?"

Nilikaa na swali hilo siku mbili, kisha fundi akanisaidia bila kujua. Nilimkuta akipaka fila kwenye gari nyingine ambayo alikuwa ameshaichomelea. Nikamuuliza, "Kumbe hata ukikata bado unatia fila?" Akasema ndiyo, nyembamba, ya kulainisha mshono. Chuma kipya kimeshika, kimesuguliwa, ila alama ya moto inabaki, basi anaifunika ili gari ipendeze. Fila si mbaya. Ubaya ni kuipa kazi ya chuma.

Hapo nikaona tofauti. Upendo unafunika mshono. Ndugu aliyekiri, akatubu, akarudisha alichochukua, usimtembeze kanisani ukionyesha kovu lake. Hilo limepona. Lifunike, hata mbele ya wageni. Lakini kile ambacho bado kinakula, na ambacho kesho kitamwangukia mtu asiye na hatia, kukifunika si upendo. Shemu na Yafethi walifunika aibu ya baba yao. Hawakuficha hatari iliyokuwa inamngoja mtu mwingine. Kwa hiyo kabla ya kufunika, uliza mambo mawili: kimekatwa au bado? Na kikivunjika, ataumia nani?

Nyumba yenye pigo

Ndipo nikarudi kwa Walawi 14, sura ambayo nakiri nilikuwa nairuka kila mwaka nikisoma Biblia. Inazungumzia nyumba iliyoingiwa na pigo ukutani, madoa ya kijani au mekundu yaliyozama ndani kuliko uso wa ukuta. Angalieni utaratibu wake.

Anayekwenda kwa kuhani kutoa habari ni mwenye nyumba mwenyewe, mstari wa 35. Hangoji jirani aulize. Sheria ya Mungu imeweka mzigo wa kusema kwa yule anayejua.

Halafu, mstari wa 36, kabla kuhani hajaingia, anaagiza nyumba itolewe vyombo, ili visije vikahesabiwa najisi pamoja na nyumba. Mnaona huruma hiyo? Ukaguzi haukuja kuharibu kila kitu cha mtu.

Kisha anafunga nyumba siku saba, anaangalia tena. Haraka hakuna. Pigo likiwa limeenea, yale mawe yenye pigo yanatolewa, yanatupwa nje ya mji. Kuta zinakwanguliwa. Mawe mengine yanaletwa, na lipu nyingine. Lipu inakuja mwisho, baada ya mawe. Sisi tunapenda kuanza na lipu. Na likirudi tena baada ya hayo yote, nyumba inabomolewa. Lisiporudi, inatangazwa safi, na watu wanaishi humo. Mungu hakuagiza kila nyumba yenye doa ibomolewe, wala hakuruhusu ipakwe tu.

Kukata

Asubuhi ya Ijumaa nilikwenda gereji nikamwambia fundi aing'oe fila. Tulikuwa tumeshatumia shilingi 7,000. Alinitazama kidogo, akachukua grainda.

Kabla ya hapo nilikuwa nimewapigia ndugu zangu. Dada hakufurahi, na sikumlaumu. Karo ni yake. Kaka yangu mkubwa alileta jambo lingine. "Ukikata," akasema, "hiyo si gari ya baba tena. Iache ilivyo." Nilimwelewa. Lakini nikamuuliza, baba aliacha nini pale? Milango aliyoifunga kwa mkono wake iko. Usukani uko. Injini iko. Ile kutu si urithi, ni kitu kilichokuwa kikila urithi. Wengine tunalinda tabia fulani za nyumbani, hasira, ulevi, kunyamaziana, tukisema ndivyo mzee alivyokuwa. Mzee alikuwa zaidi ya kutu yake.

Nilikaa pale siku nzima nikiangalia kazi. Nilidhani atakata mara moja. Hakufanya hivyo. Alitoa betri, akang'oa viti na zulia. Akaiinua gari juu ya stuli za chuma, akaisawazisha. Kisha akachomelea kipande cha chuma kukatiza uwazi wa mlango, kushoto mpaka kulia. Nikamuuliza ni cha nini. Akasema, "Nikikata kabla ya kushikilia, gari inalegea katikati. Halafu hata nikiweka chuma kipya, mlango hautafunga tena milele." Kila alipokata kidogo alijaribu mlango, akaangalia kama nafasi yake bado iko sawa.

Alikata kupita kutu, upana wa vidole viwili ndani ya chuma kizima, kwa sababu chuma kipya hakishiki kwenye kilichooza. Akapima kwa kadibodi, akakunja bati la chuma la geji 18. Kuchomelea hakuunga mstari mrefu. Alitia nukta hapa, akaenda nukta kule mwisho, akangoja ipoe, akarudi. Moto mwingi mahali pamoja unakunja bati jembamba. Ndani akapaka praima na kumimina mafuta. Mwisho akazibua vile vitundu vya chini, akaniambia nisiruhusu tena matope yavizibe.

Wapendwa, mimi ni mchungaji msaidizi, na siku ile niliona makosa yangu ya kichungaji. Kuna mtu nimewahi kumkata kabla sijamshikilia. Nilimkemea mbele ya watu, ukweli mtupu, na hakuna nyumba aliyokuwa amepata ya kulala wala mzee wa kukaa naye. Akalegea katikati. Mpaka leo mlango wake haufungi. Na vitundu vya kutolea maji ndivyo nini kwetu, kama si yale mazungumzo madogo ya kila wiki ambapo mtu anaweza kusema, "Nisaidieni, hapa ninashindwa"? Tukiyaziba kwa aibu na masengenyo, maji yanakaa ndani.

Gharama

Jioni hiyo nilimpigia mwalimu wa Kisumu. Nikamwambia kila kitu, hata ile fila. Alikaa kimya, kisha akanishukuru. Akasema atafikiria. Baada ya siku nne akatuma ujumbe kwamba amepata gari nyingine.

Sitawadanganya kwamba Mungu alileta mnunuzi wa pili kesho yake mwenye pesa mara mbili. Hadi ninapoandika, gari iko gereji, upande mmoja umekamilika, wa pili unangoja pesa. Karo ya muhula huu tumeichukua kwa mkopo wa sacco, na mimi ndiye ninayeulipa. Nina amani, lakini amani hiyo ina riba.

Jumatano iliyofuata nilisimama mbele ya vijana nikawaeleza. Yule kijana wa simu alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema kwa heshima, "Asante Pasta. Lakini afadhali wewe, una sacco na una kanisa. Mimi nikipunguza shilingi 1,500 kwa kila simu, mtoto wangu atakula nini?"

Sikuwa na andiko la haraka safari hii. Nadhani hili ndilo swali lenyewe, na halimhusu yeye peke yake. Tunawaambia watu wakate kutu, na ni kweli lazima ikatwe. Lakini ni nani amewashikilia kwanza? Aliye maskini analipia ukweli kwa bei ya juu kuliko sisi wenye mshahara. Kusema hivyo hakuifanyi fila iwe chuma. Betri mbovu ni mbovu hata ikiuzwa na mwenye njaa, na anayeinunua labda naye ana njaa. Ila kanisa linalohubiri ukweli bila kubeba sehemu ya gharama yake linakata bila kushikilia.

Kwa hiyo nimewaomba wazee, na wamekubali tulijadili mwezi huu, kwamba sehemu ya sadaka ya ushirika wa vijana iwekwe kando. Kijana akipoteza mauzo kwa sababu alisema ukweli, aje aseme, tumshike kwa wiki hiyo. Si pesa nyingi. Na waumini wenye uwezo, nendeni mkanunue kwa hao vijana wanaosema ukweli, hata kama bei yao haijashuka sana. Mkifanya hivyo, mmewatia mhimili. Mimi nimeanza: simu ninayotumia sasa nimeinunua kwake. Aliniambia mwenyewe kwamba betri yake haimalizi siku.

Maswali ya ushirika wa nyumbani

1. Ni kitu gani unachouza, au kazi gani unayofanya, ambapo unatumaini mtu asiulize?
2. Katika familia yako, ni kutu gani mnayoilinda kana kwamba ni urithi?
3. Kuna mtu mliyemkemea bila kumshikilia? Wiki hii mnaweza kumfanyia nini?

Ombi: Baba, tupe ujasiri wa mwenye nyumba aliyekwenda mwenyewe kusema. Utufundishe kushikilia kabla ya kukata, na kukata kabla ya kupaka. Katika jina la Yesu, Amina.